Mcheza Kwao Hutunzwa: Hadhira ya Mpiga Gitaa Mkongwe na Deni la Wanafasihi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeikariri tangu shule za msingi, tukaipamba nayo miisho ya insha zetu, na wengi wetu tukaamini kuwa tumeimaliza maana. Katika makala haya nakusudia kudai kwamba hatujaielewa bado, na kwamba kutoielewa kwetu kunaidhuru taaluma tunayojinasibisha nayo. Dai langu ni hili: miitikio ya mashabiki wanapomsikiliza mwanamuziki mkongwe akiwa jukwaani ni sehemu ya utungo wenyewe, tena ni uhakiki wa utungo huo, ilhali sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tumezoea kuitupa kama makapi.

Hoja hii sikuiokota vitabuni. Niliipata Likoni, na niliilipia.

Mwaka jana nilikuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu nyimbo za dansi za Pwani ya Kenya. Nikapashwa habari kwamba mzee mmoja mpiga gitaa, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima yake, angetumbuiza katika harusi ya mjukuu wa rafiki yake. Jioni ile nikatoka Changamwe ninakoishi, nikavuka kwa feri pamoja na umati wa wachuuzi na wafanyakazi warejeao makwao, nikafika kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa mahema. Mzee alikuwa ameketi kitini, gitaa lake la umeme limechubuka rangi pale unapopita mkono. Umri wake unapita miaka sabini. Nilitega kinasa sauti karibu na spika, mahali ambapo sauti yake na nyuzi zake zingesikika bila kuingiliwa na kelele za watu.

Naomba msomaji alitie alama neno hilo, kelele, kwa maana ndilo lililoniponza.

Alipoanza wimbo wake wa kwanza, hadhira iligawanyika makundi matatu. Wazee wa rika lake walikaa mbele, macho wameyafumba, na kila alipobadili mdundo kidogo walitikisa vichwa na kumkumbusha kwa sauti jinsi wimbo ulivyokuwa katika santuri. Vijana walisimama nyuma wakiwa wameinua simu zao; wengine walimtaka aongeze kasi, na kidole chake kilipoteleza kwenye uzi, wawili watatu walicheka waziwazi. Kundi la tatu lilikuwa la akina mama wa makamo na wakongwe. Hawa hawakusema neno. Waliinuka mmoja mmoja, wakaenda kwa mwendo wa kucheza, wakamtunza mzee kwa kumbandika noti kipajini au kuzitia mfukoni mwa kanzu yake. Nami nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba huo ni ukarimu tu wa harusini.

Katikati ya wimbo wa nne mzee alisahau maneno. Vidole viliendelea, lakini kinywa kilinyamaza. Vijana wakaanza kunong'ona. Ndipo mama mmoja akaudaka wimbo pale ulipokatika, wenzake wakamwitikia, wakaimba ubeti mzima huku mzee akiwafuata kwa gitaa, uso wake umechanua kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujana. Palizuka vigelegele na vifijo, hata wale vijana waliocheka wakasogea mbele.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtafiti aliyepata alichokitafuta. Kwa siku mbili nikawa nikisafisha sauti kwa kompyuta: nikaondoa vigelegele, mazungumzo, kelele za watoto na kila nilichokiona kuwa ni uchafu. Ubeti ule wa akina mama, kwa kuwa haukutoka kinywani mwa msanii, nao nikaukata. Kisha, kwa uzembe ambao hadi leo najilaumu nao, nikaifuta sauti ya awali ili nipate nafasi. Nilipokaa kuuchambua wimbo nikakuta una pengo. Beti za mwanzo zilijenga kisa cha mtu aliyesafiri, na ubeti wa mwisho ukamlaki amekwisha kurudi, lililomrudisha halikuwamo. Nikaitafuta santuri yenyewe nikaisikiliza. Pengo lilikuwa lilelile.

Nilivuka tena Likoni kumwuliza mzee. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamweleza tatizo langu. Akacheka. Akaniambia, "Mwanangu, ubeti ule n'liutunga mimi, tukaupiga harusini miaka na miaka. Tulipokwenda kurekodi tukaambiwa wimbo ni mrefu, hautaingia santurini, tukauwacha. Baadaye mimi mwenyewe nikausahau. Hawa akina mama ndio walouweka."

Basi ule ubeti niliouona kuwa ni kelele ndio uliokuwa moyo wa wimbo. Haukuwamo katika santuri, haukuwamo tena kichwani mwa mtunzi, na baada ya kazi yangu ya kusafisha haukuwamo wala katika kinasa sauti changu. Ulibaki kwa hadhira pekee. Ilinibidi niwatafute akina mama wale, niketi nao barazani, niwasikilize wakikubaliana kuhusu mishororo miwili ya mwanzo na kubishana kuhusu wa tatu. Ubishi ule umo katika tasnifu yangu sasa, na ndio ukurasa ninaouonea fahari kuliko kurasa nyingine zote.

Turejee kwenye methali. Wahenga hawakusema kwamba mcheza kwao husifiwa, wala hupigiwa makofi. Walisema hutunzwa. Na kutunza katika lugha yetu kuna maana mbili ambazo hapa hazitengani: kumpa mtu tuzo anapotumbuiza, na kukihifadhi kitu kisipotee. Akina mama wa Likoni walifanya yote mawili usiku mmoja. Walimtunza mtu kwa noti, na walikuwa wamekwisha kuutunza utungo wake kwa miongo kadhaa. Aidha, neno kwao si neno la kupuuzwa. Kwao si mahali alipozaliwa tu, bali ni mbele ya watu wanaoijua kazi yake kiasi cha kuweza kuikamilisha anaposhindwa.

Huenda msomaji akasema kwamba nadharia ya fasihi simulizi imekwisha kulisema hili. Ni kweli. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza nafasi ya utendaji na ya wasikilizaji. Profesa M. M. Mulokozi naye ameielezea fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeweza kuyataja mambo hayo sita katika chumba cha mtihani. Tatizo letu ni kwamba tunayataja katika sura ya pili ya tasnifu, na tufikapo sura ya nne tunakuwa tumebakiwa na moja tu, yaani maneno. Tunauchukua wimbo, tunaunakili kama shairi, tunahesabu mizani, tunaorodhesha tashbihi na istiara, kisha tunahitimisha kwamba tumeihakiki fasihi simulizi. Hakika tumeihakiki karatasi tuliyoiandika wenyewe.

Historia ya muziki wa Pwani yetu inatuonyesha wazi kwamba hadhira huumba. Bendi ya Them Mushrooms iliundwa mwaka 1972, na ikapata riziki yake katika hoteli za kitalii za Pwani. Wimbo wao Jambo Bwana, uliotoka mwaka 1982, umejengwa juu ya maamkizi na maneno mepesi ya ukaribisho. Wapo wahakiki wanaoubeza kwa wepesi huo. Lakini mwenye kuukumbuka ukumbi uliouzaa ataelewa: hadhira ilikuwa ya wageni wasiojua Kiswahili, wanaotaka kuimba pamoja na bendi usiku uleule. Wimbo ulitungwa ukiwaangalia usoni. Mwaka 1983 kundi la Boney M likauimba kwa namna yake huko Ulaya, na leo unajulikana ulimwenguni. Anayeuchambua wimbo huo bila ya mtalii aliyeketi mezani anachambua nusu ya utungo.

Mfano wa pili ni Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyezaliwa mwaka 1924, aliyewahi kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki katika Vita vya Pili vya Dunia, na aliyekuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kupiga gitaa la umeme. Nyimbo zake zilitoka katika santuri za kale ambazo upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi. Hata hivyo Fundi Konde aliishi hadi mwaka 2000, na katika uzee wake Them Mushrooms walishirikiana naye kuzirekodi upya baadhi ya nyimbo zake. Hadhira ikapata bahati adimu ya kuzisikia nyimbo za kijana zikiimbwa kwa sauti ya mzee, na kizazi ambacho hakikuwahi kuzigusa santuri zile kikazipokea.

Tumlinganishe na Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa mashuhuri wa Morogoro Jazz, na baadaye wa Super Volcano aliyoiunda mwaka 1973. Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, akafariki Januari 1979 baada ya ajali ya gari hapahapa Mombasa, na wazee wa Kisauni hadi leo humsimulia kama jirani aliyefia mlangoni pao. Hakuwahi kufikia uzee. Sauti yake imebaki ya mtu wa miaka thelathini na minne milele. Kwa sababu hiyo, bendi za vijana zinapopiga nyimbo zake, wazee hudai kila noti ya gitaa ikae mahali pake, na mpigaji anayethubutu kuongeza lake hukunjiwa uso. Nawaelewa. Kwa marehemu, santuri ndiyo iliyobaki. Kosa ni kumfanyia mkongwe aliye hai yale tunayomfanyia marehemu, yaani kumdai aimbe kama santuri yake ya miaka arobaini iliyopita. Santuri si msahafu. Ni utendaji mmoja kati ya maelfu, tena mara nyingine, kama nilivyojionea, ni utendaji uliopunguzwa ili uenee.

Sidai kwamba hadhira haikosei. Hapa ndipo hoja yangu inapokabiliwa na pingamizi nzito, nami sitaki kuikwepa. Mashabiki wanaweza kuwa wakatili. Mwezi Julai 1965, katika tamasha la Newport nchini Marekani, Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme na bendi ya roki badala ya gitaa kavu walilomzoea nalo, na sehemu ya hadhira ikamzomea. Mwaka uliofuata, mjini Manchester, shabiki mmoja alimpigia ukelele akimwita Yuda. Aprili 2014, mjini St. Louis, B.B. King, gwiji wa gitaa la bluzi, alipanda jukwaani akiwa na umri wa miaka 88. Alizungumza mengi, akapiga machache. Baadhi ya waliolipa viingilio wakapaaza sauti wakimtaka apige muziki, na wengine wakainuka wakaenda zao. Mwezi Mei mwaka uliofuata alifariki dunia.

Je, kuzomea huko nako ni uhakiki? Naam, ni uhakiki, na baadhi yake ni uhakiki mbaya, kama ulivyo uhakiki mbaya katika majarida yetu ya kitaaluma. Hatuachi kusoma vitabu vya wahakiki kwa kuwa mmoja wao alipotoka. Tunampima. Waliomzomea Dylan walikuwa wanasema jambo kuhusu ala na uaminifu, na mpaka leo wasomi wanaendelea kubishana juu ya maana ya zomeo lile. Wale wa St. Louis nao walisema jambo kuhusu pesa na kumbukumbu: walinunua tiketi ya kumwona mtu ambaye uzee umekwisha kumchukua. Hata vijana waliocheka kule Likoni walisema jambo. Walisema kwamba hawakuwa wanaujua wimbo. Na ubeti ulipodakwa wakasogea mbele, wakabadilisha hukumu yao papo hapo. Ni wahakiki wangapi wa maandishi wanaoweza kujirekebisha kwa upesi huo?

Pingamizi ya pili ni kwamba tuzo si uhakiki, bali ni majivuno. Wapo wenye kutunza ili waonekane, na wapo wanasiasa wanaogeuza jukwaa la msanii kuwa jukwaa la kura. Hilo silikanushi. Lakini Kelly Askew, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni nchini Tanzania, ameonyesha jinsi wanawake katika kumbi za taarab huko Tanga wanavyoitumia tuzo kuzungumza: anayeinuka huchagua ubeti wa kuinukia, humwangalia aliyemkusudia, na ukumbi mzima huelewa ugomvi au upatanisho uliopita kwa noti ile. Yaani mtunzaji huukopa ubeti wa mtunzi, akaupa maana mpya. Sisi katika madarasa ya nadharia tunaita jambo hilo upokezi wa msomaji, tukawatafuta Wajerumani wa kulieleza. Bibi wa Likoni au wa Tanga amelifanya tangu ujana wake, na hana haja ya tanbihi.

Nilipoitazama upya picha ya video niliyopewa na kijana mmoja aliyekuwapo harusini, niligundua kwamba akina mama wale hawakuinuka ovyo. Wote waliinuka katika mishororo inayotaja kurudi, na hakuna hata mmoja aliyeinuka katika ile inayotaja safari. Nilipowauliza sababu, mmoja alinijibu kwamba hapo walipo, wanaume wao wengi walipata kuwa mabaharia na makuli wa bandari, na mwanamke hatunzi kuondoka. Katika miezi minane ya kuuchambua wimbo ule kwenye karatasi, sikuwahi kufikia tafsiri iliyo karibu na hiyo. Nilikuwa nimeandika kurasa tano kuhusu safari kama istiara ya maisha. Nilizifuta, na safari hii sikujuta kufuta.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wetu.

Kwanza, tubadilishe namna ya kurekodi na kunakili. Kinasa sauti kimoja kimwelekee msanii, na kingine kiielekee hadhira. Tunaponakili, tuwe na safu ya msanii na safu ya wasikilizaji, ili vigelegele, kicheko, kuitikia, tuzo na hata kunyamaza kuandikwe mbele ya mshororo unaohusika. Na sauti ya awali isifutwe kamwe, hata kama mtafiti anaiona chafu.

Pili, idara zetu zikubali miitikio hiyo kuwa data halali. Si haki mwanafunzi aambiwe kwamba maelezo ya mama aliyeketi mkekani ni porojo, ilhali maelezo ya mhakiki asiyewahi kufika ukumbini yanaitwa marejeleo. Naandika haya kwa heshima zote kwa wahadhiri wetu, ambao wengi wao wamelelewa katika ngoma hizihizi na wanayajua haya kuliko mimi.

Tatu, sisi wenyewe tutunze. Wakongwe wetu wanazidi kupungua. Juma Bhalo, aliyezijaza kumbi za Mombasa kwa nyimbo zake za taarab, alituacha mwaka 2014, na kila mwaka tunapunguza mwingine. Mtafiti anayekwenda kwa mzee aende na chochote cha kumtunza, na akimaliza kazi amrudishie nakala ya alichokichukua. Vilevile awaendee mashabiki wake walio hai katika Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa kuwa huenda wao ndio sanduku lililobaki na ufunguo. Chama chetu kina wanachama wanaotoka karibu kila mtaa wa bara ya Mombasa. Kila mmoja akirudi likizo akamsikiliza shabiki mmoja wa zamani, tutakuwa na hazina ambayo hakuna maktaba iliyo nayo.

Nilimpelekea mzee nakala ya tasnifu mwezi uliopita, pamoja na ule ubeti ulionakiliwa kwa namna zote mbili walizobishania akina mama. Aliusoma polepole, akaniomba nimpe kalamu. Nikadhani atachagua mojawapo na kumaliza ubishi, kwa kuwa yeye ndiye mtunzi. Hakuchagua. Aliweka alama ndogo pembeni ya kila namna, akanirudishia karatasi, akasema kwamba zote ni zake sasa. Kisha akaniuliza kama wale akina mama nao wamepelekewa nakala.

Sikuwa nimewapelekea. Juma lijalo nitavuka tena.